Chai ya Chumba cha Kufulia

Waliosema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, hawakuwahi kuishi Husby, pembezoni mwa Stockholm. Hapa unaweza kuyaficha mwaka mzima na zaidi, mradi tu uwe na ufunguo wa chumba cha kufulia.

Aurore alikuwa nao. Katika majengo ya kupanga ya huku, wengi hawafulii ndani ya nyumba zao. Kuna chumba kimoja chini kabisa ya jengo, chenye mashine kubwa, na kila nyumba ina kikufuli chake cha kuchomeka kwenye ubao wa zamu. Ukishakichomeka, saa hizo ni zako, na jirani akiingilia zamu yako jengo zima litamsema. Zamu ya nyumba ya Mama Hortense ilikuwa Ijumaa asubuhi. Lifti haifiki huko chini, na magoti ya Mama Hortense yaligombana na ngazi siku nyingi, kwa hiyo mfuaji alikuwa binti yake, Aurore. Naye Umar, dereva wa basi anayekaa mtaa wa Rissne na kufanya kazi zamu za jioni, akajikuta ghafla anaipenda mno harufu ya sabuni ya unga.

Hapo ndipo penzi lao lilipokulia, kati ya mashine na kabati la kukaushia nguo, kwenye viti viwili vya plastiki. Aurore alishuka kila Ijumaa na chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi na kikombe kimoja cha bati. Kilikuwa kimoja kwa sababu siku ya kwanza alisahau cha pili, na baada ya hapo hakuna kati yao aliyetaka kukumbuka.

Ijumaa hii pia alishuka na chupa yake na kikombe chake. Mazoea yana tabu. Alijaza mashine mbili, akajimiminia chai, akaketi, na ndipo alipokumbuka kwamba Umar hatakuja, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemkataza. Akalia kimya kimya. Halafu akakohoa, na alipokohoa akajishika kifua kwa hofu.

Aurore alikuwa na digrii ya baolojia. Aliipata Kampala, enzi zile yeye na mama yake wakiwa wakimbizi kutoka Bukavu, lakini digrii hiyo ilipofika Stockholm ikawa kama koti la Kampala: ni koti kweli, ila baridi ya huku hailitambui. Kwa miaka kadhaa aliwaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Aliipenda kazi ile, na alijua anaweza zaidi. Ndipo aliposikia habari za kozi ya uuguzi ya mwendo wa kasi, ya watu ambao tayari wana digrii ya sayansi. Wenzao husoma miaka mitatu. Hawa husoma miwili, kiangazi hakuna likizo, na wiki ya pili tu wamekwisha ingia wodini kwa mazoezi. Nafasi zilikuwa chache, na chuo kilikwisha tangaza kwamba darasa la mwaka huu ndilo la mwisho la aina hiyo.

Umar ndiye aliyemsukuma. Siku zake za mapumziko alimsubiri nje ya madarasa ya jioni ya Kiswidi na ya kemia, akamsindikiza kwenye treni ya chini ya ardhi, akamsomesha majina ya mifupa mpaka abiria wakageuka kuwatazama. Usaili ulipokaribia, alikaa kwenye chumba hiki na kikapu cha nguo magotini, akajifanya profesa, akamuuliza kwa sauti nzito kwa nini hasa anataka kuwa muuguzi. Aurore alicheka mara ya kwanza, akacheka mara ya pili, na mara ya tatu akasema kweli: kwamba baba yake alikufa kambini akikohoa, na hakukuwa na mtu wa kumgusa bila kumwogopa.

Umar alikishusha kikapu chini. "Sema hivyo hivyo," alimwambia. "Usiongeze neno."

Aurore alisema hivyo hivyo, akachaguliwa. Siku majibu yalipotoka, Mama Hortense alipiga vigelegele hadi dirisha la jirani likafunguliwa, na Jumapili iliyofuata alimsimamisha binti yake mbele ya kanisa zima.

Yalibaki maandalizi: chanjo, sare, vitabu vya kusoma mapema, na vipimo vya afya. Wiki iliyopita kliniki ilimpigia simu. Damu yake imeonyesha kijidudu cha kifua kikuu, sauti ilisema kwa upole wote wa Kiswidi. Huenda kimelala tu, na huenda kimeamka. Picha ya kifua ndiyo itakayosema. Bila picha daktari hawezi kutia saini, na bila saini hiyo chuo hakimpokei. Jumatatu majina yangeitwa darasani. Asiyeitika, nafasi yake inakwenda kwa anayengoja.

Sasa, huyu ni mtu wa baolojia. Tofauti ya kijidudu kilicholala na kilichoamka angeweza kukufundisha wewe na mimi tukaelewa. Lakini alikuwa akikohoa tangu mvua za mwanzo wa Agosti, na baba yake naye alianza kwa kukohoa. Tena kulikuwa na ule uzi. Kule kambini mama yake alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe cha baba ili watoto wasikosee. Baba alinywea kikombe kile peke yake, nje, mpaka siku alipokoma kunywa chochote. Majirani waliacha kuja kuomba moto. Aurore alikuwa mdogo mno wakati ule, na katika yote ya baba yake, kitu alichokikumbuka vizuri zaidi kilikuwa uzi ule.

Alimwambia mama yake tu. Mama Hortense alifunga mlango wa chumba, akateremsha sauti, ingawa walikuwa wawili nyumbani.

"Usiende kule, mutoto yangu," alisema. "Bakikupiga ile picha, bataandika. Kisha batu bote batajua. Sema umechoka na masomo, batu banachokaka."

"Maman, na kama niko mugonjwa kweli?"

"Tutaomba. Tutatafuta dawa kimya kimya. Masomo utapata ingine. Batu, hautapata bengine."

Huo haukuwa ukatili, msomaji. Ni mwanamke aliyewahi kuachwa na kijiji kizima cha mahema, akaapa hatarudia. Aurore alilijua hilo, na ndiyo maana alishindwa kubisha. Kliniki ilimpa siku, hakwenda. Ikampa nyingine, hakwenda. Ya mwisho ilikuwa leo, kabla ya saa sita, maana mchana wa Ijumaa wanafunga.

Na Umar? Umar alikuwa amenywea kikombe kimoja naye kila wiki. Aurore alizihesabu Ijumaa hizo, moja moja. Akafikiria pia namna Umar atakavyosogeza kiti chake akijua, kidogo tu, kwa adabu, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Basi akachagua uongo uliokuwa karibu. Mama yake alikuwa akimwimbia tangu zamani kwamba Muislamu na Mkristo ni lila na fila, havitangamani. Akaandika kwenye simu kuwa dini zao hazitakutana, kwamba amefikiri sana, kwamba asimtafute. Alituma, akaitupa simu kitandani, akajifungia bafuni ili mama yake asimsikie.

Mlango wa chumba cha kufulia ukagongwa mara mbili, taratibu. Ndiyo iliyokuwa hodi yake.

"Zamu ni yangu," Aurore alisema kwa Kiswidi, kama jirani anavyoambiwa.

"Najua ni yako," sauti ikajibu kwa Kiswahili cha Bombo, kwao Uganda. "Ndiyo maana nimekuja."

Alifungua kwa sababu hakuweza kutofungua. Umar alikuwa amekwisha vaa sare ya kazi asubuhi hii, hajanyoa ndevu, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye kitanda kimemkataa siku kadhaa. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango kama abiria asiyejua kama basi hili ndilo lake, akamtazama Aurore kwa muda mrefu kuliko unavyoruhusiwa kumtazama mtu aliyekuacha. Aurore alitazama pembeni. Moyo wake, ule mnafiki, ulikuwa unafurahi.

"Niambie tu mara moja, ukinitazama," Umar alisema. "Ni dini?"

"Ni dini."

"Hujanitazama."

"Umar, nina kazi hapa."

"Mwaka mzima nimekuwa Muislamu, Aurore. Sikuanza wiki iliyopita."

Akaanza kumweleza yote aliyoyapanga njiani: kwamba atapanda juu leo hii akaongee na mama yake kwa heshima, kwamba ana mjomba mtaa wa Rinkeby anayeweza kwenda na watu wazima wenzake, kwamba kule kwao Uganda kuna nyumba ambazo Krismasi na Idd zinapikiwa kwenye sufuria moja na hakuna aliyekufa. Aurore alimjibu kwa maneno makali aliyoyaokota hapa na pale, maana hakuwa na ya kwake. Alisema amechoka kujificha. Alisema watoto wataitwa nani. Mwishowe akasema jambo ambalo hata yeye lilimshtua, kwamba labda alikuwa anampenda kwa sababu tu hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye.

Umar aliinama, akaokota soksi iliyoanguka, akaiweka mezani.

"Sawa," alisema. "Basi Jumatatu nitakuombea dua nikiwa mbali. Ile sare imekutosha?"

Hapo Aurore alipaswa kusema ndiyo. Neno dogo tu, na mwanaume huyu angeondoka na aibu yake, mambo yakaisha.

"Siendi," alisema.

"Huendi wapi?"

"Chuo. Nimeacha."

Mashine moja ilimaliza kunyonya maji, ikatulia. Umar alimtazama kana kwamba amemwambia jua limeghairi.

"Hata chuo ni dini?" aliuliza.

Umar aliketi kwa uzito kwenye kiti chake cha siku zote, na kwa kuwa kichwa chake kilikuwa mbali, mkono wake ulifanya lile uliolizoea: ulinyooka mezani ukachukua kikombe cha bati. Kilikuwa bado nusu. Alikwisha kukifikisha mdomoni.

Aurore alimrukia. Alikipokonya kwa nguvu mpaka chai ikawamwagikia wote wawili, vidoleni na sakafuni, akarudi nyuma hadi ukutani akiwa amekikumbatia kikombe kile kifuani kwa mikono miwili.

Umar alitazama mkono wake uliolowa, akatazama kikombe, akamtazama Aurore usoni. Hasira ilimtoka, na mahali pake pakaja kitu kingine.

"Wamekupima," alisema.

"Wamenipima nini?"

"Damu. Kwa ajili ya wodi. Imetoka na kile kijidudu, na wewe unakohoa."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe nilikikwepa kikombe hicho hicho mwaka jana. Ila mimi nilifanya kwa ujanja. Nilikuja na chupa yangu ya maji, nikakwambia tumbo halitaki maziwa. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Ilikuwa majira ya kuchipua, na kwa wiki nyingi hakuigusa chai yake. Aurore aliumia kimoyomoyo akidhani amemchoka.

"Na ile kanzu?" Umar aliendelea. "Unakumbuka ile kanzu?"

Angeisahauje? Siku ya dua ya bibi yake aliyefariki Bombo, Umar alitoka Rinkeby kwenye sala akiwa na kanzu nyeupe yenye doa la rangi ya chungwa kwenye mkono. Alisema ni soda. Aurore alimtania kwamba anakunywa kama mtoto, kisha akaifua papa hapa, kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa kila alichoambiwa na wanawake wa kanisani. Doa lilififia lakini halikutoka.

"Haikuwa soda," Umar alisema. "Zile dawa za kijidudu zinatia rangi maji yote yanayotoka mwilini. Jasho, mkojo, hata machozi. Nilimlilia bibi yangu, nikajifuta kwa mkono wa kanzu."

Aurore alikaa chini, sakafuni, kwenye chai. Sentensi hiyo alikuwa ameisoma kiangazi hiki kwenye kitabu cha dawa alichokuwa anajiandalia masomo. Aliipigia hata mstari. Hakuwahi kufikiri kwamba alikwisha kuifua kwa mikono yake mwenyewe.

Umar akamweleza yaliyobaki. Zaid, aliyekuwa anakaa naye chumba kimoja Rissne, aliugua, akalazwa, na wote waliokuwa wakikaa naye wakaitwa kupimwa. Picha ya Umar ilikuwa safi. Kijidudu kilikuwa kimelala. Akapewa dawa za miezi, akazimaliza. Daktari alimhakikishia kuwa hawezi kumwambukiza mtu yeyote. Alimwamini daktari, alisema, lakini mkono wake kila ulipokaribia kikombe cha Aurore ulikuwa hauamini.

"Na ukaninyamazia," Aurore alisema.

"Niliogopa utanikimbia."

"Mimi? Ningekukimbia mimi?"

"Umenikimbia sasa hivi, na mgonjwa ni wewe."

Aurore alicheka kidogo, kicheko kibaya kilichogeuka kikohozi. Alipomaliza kukohoa uso wake ulikuwa umelowa.

"Chako kililala," alisema. "Wewe hukukohoa. Baba alianza hivi hivi, Umar. Kikohozi kidogo tu, tukasema ni vumbi. Nikienda pale wakaniambia kimeamka, nitakuwa nimemaliza kila kitu. Chuo kimekwenda, kazi ya wazee imekwenda, mama atafungiwa milango, na wewe nimekuua kwa chai."

Umar hakumwambia asilie, wala hakumdanganya. Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti pale pale kwenye maji ya chai, mbele yake.

"Sijui," alisema. "Huenda kimeamka. Kikiwa kimeamka utatibiwa, na mimi nitatibiwa, na chuo hicho kitatupita tutafute kingine. Lakini ukikaa hapa vyote vitakwenda, na hutajua hata kama ilikuwa lazima. Bibi yangu alikuwa na methali, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sitaki kukusomea methali. Twende tu. Kliniki iko Kista, mtaa wa pili tu, na saa sita bado."

"Nguo je?"

"Nguo haziitwi majina Jumatatu."

Alimpa mkono. Aurore aliutazama mkono ule, mkavu, mpana, ukinuka chai, na akauona kuwa kitu cha pekee duniani kilichokuwa bado kimenyooka kwake. Akaushika. Walikuwa bado wanasimama hivyo, wameshikana, mlango ulipofunguliwa bila hodi.

Mama Hortense alikuwa ameteremka ngazi zote, moja moja, akishikilia ukuta. Kwenye mkono mmoja alikuwa na simu ya Aurore. Kliniki ilikuwa imepiga tena, na yeye alikuja kumwambia binti yake aizime kabisa. Sasa macho yake yalitembea chumbani: viti viwili, chupa ya chai, kikombe, na mwanaume wa sare.

"Jambo mama," Umar alisema, akaachia mkono wa Aurore.

Mama Hortense alikuwa amemwona mara nyingi kwenye duka la Rinkeby, na mara zote aligeukia viazi ili asimsalimie. "Kumbe," alisema polepole. "Mwaka muzima nguo zangu zinafuliwa na ule wa basi."

"Maman, naenda kupigwa picha," Aurore alisema.

"Hauendi." Akateremsha sauti, akaingia kwenye mnong'ono wa chumba kilichofungwa. "Umeambia ule? Umeambia muntu wa inje?"

Umar akaingilia, kwa heshima, mikono mbele kama mtu anayeomba ruhusa. Alisema si mtu wa kumtangaza Aurore. Alisema hata yeye alikuwa nacho kijidudu hicho, akanywa dawa, kikaisha.

Na Mama Hortense akarudi nyuma.

Ilikuwa hatua moja, ndogo, na kiganja kikapanda kikafunika mdomo. Pengine hata mwenyewe hakujua kwamba amefanya hivyo. Lakini Aurore alijua. Alikuwa ameiona hatua ile kabla hajajua kuhesabu, mlangoni pa hema, kila baba yake alipoomba maji. Kitu ambacho woga wote wa wiki ile ulikuwa umekifunga ndani yake kikafunguka.

"Hivyo hivyo," alisema. Sauti yake haikupanda. "Ulirudi nyuma hivyo hivyo kwa papa. Na kesho utarudi nyuma kwangu, maman, nikinyamaza au nikisema. Basi wacha niseme."

Uso wa Mama Hortense ulikufa ganzi.

"Ukitoka hapa na ule muntu," alisema, "mimi sitasimama tena kanisani kusema niko na mutoto."

Aurore alichukua koti lake na simu yake. Alitaka kumkumbatia na aliogopa kukohoa, kwa hiyo alipita pembeni yake, karibu na ukuta. Alilia toka mlango wa jengo hadi Kista, na Umar alitembea ubavuni mwake kama mtu aliyejua kwamba ameshinda kitu na hakufurahia.

Walifika kliniki ikibaki kidogo kufungwa. Alivuliwa blauzi, akabanwa kifua kwenye ubao wa baridi, akaambiwa avute pumzi na aizuie, na katika pumzi ile iliyozuiwa aliomba kwa Kiswahili cha mama yake. Kisha wakaambiwa wangoje. Aurore alichagua kiti cha mwisho ukutani, akaacha viti vitatu kati yake na watu. Umar alikuja akakaa kwenye kile kilichogusana naye. Mapenzi yao yote yalikuwa ya chini ya ardhi, na ile ndiyo mara ya kwanza walikaa pamoja mchana kweupe, mahali penye dirisha.

"Ikiwa mbaya," Aurore alinong'ona, "usinifungie uzi."

Umar hakuwahi kusikia habari za uzi wowote. "Sifungi kitu," alisema.

Muuguzi akaita jina lake, vibaya kidogo, kama wanavyoliita siku zote. Daktari alikuwa na picha kwenye kioo cha kompyuta. Alimwonyesha pafu la kulia na pafu la kushoto, safi yote mawili. Kikohozi kilikuwa cha mafua ya kawaida yaliyokawia. Kijidudu kimelala, hakimwambukizi mtu, wala hakijamwambukiza mtu. Wiki ijayo ataanza dawa ili kisiamke kamwe. Kisha akatia saini, akiongea habari ya hali ya hewa, na hakuelewa kwa nini mwanamke huyu ameegemea ukuta na kulia namna ile.

Umar alimpokea mlangoni. Alipoelezwa alifunga macho, akasema alhamdulillah mara nyingi, akamfuta machozi kwa kidole gumba. Kidole kilitoka na maji tu, meupe.

"Wiki ijayo usivae nyeupe," alimwambia.

Walirudi Husby taratibu. Jumatatu angeitika, Aurore alikuwa na hakika sasa. Angesema *ja*, ndiyo kwa Kiswidi, mbele ya darasa zima. Lakini kadiri jengo lilivyokaribia ndivyo furaha ilivyomwishia miguuni. Mlango gani angeugonga? Nguo za mama yake zilikuwa zimeachwa mashineni, zamu ilikuwa imekwisha, na jirani wa mchana hana huruma. Atakuwa amezitupa zikiwa zimelowa sakafuni. Aliamua aanzie huko chini. Azioshe upya, azikunje, aziache mlangoni. Umar akamfuata.

Chumba cha kufulia kilikuwa kikavu. Chai ilikuwa imefutwa sakafuni. Jirani wa mchana alikuwa amekwisha jaza mashine zake na kuondoka. Kwenye meza, nguo zote zilikuwa zimekauka na kukunjwa kikapuni, soksi kwa soksi, na kwenye kiti cha plastiki alikuwa ameketi Mama Hortense, miguu imenyooshwa mbele kwa maumivu. Macho yake yalikuwa mekundu. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati, kile kile, chenye chai yote iliyobaki kwenye chupa, na alikuwa anakunywa.

Aurore alisimama mlangoni. "Maman," alisema, "hicho ni kikombe changu."

"Ninajua."

"Maman, wamenipiga picha. Walisema..."

Mama Hortense aliinua kiganja, kile kile kilichofunika mdomo asubuhi. "Ngoja kwanza," alisema. "Acha nimalize."

Akainua kikombe. Chai ilikuwa imepoa na kuganda utando juu, na alikuwa mwanamke asiyewahi kunywa chai baridi maishani, lakini aliinywa yote, polepole, funda kwa funda, akimtazama binti yake juu ya ukingo wa bati. Umar alikuwa amekiinua kikapu mezani, akasimama nacho; hakuna aliyemwambia akibebe na hakuna aliyemwambia akiweke chini. Mama Hortense alipofika mwisho alikipindua kikombe, tone moja likaanguka sakafuni, akakiweka magotini.

"Sasa niambie," alisema. "Ile picha ilisema nini?"